Jumapili Gari Lilipokubali

Kaka yangu alikuwa fundi wa magari mjini Migori, na nyumbani kwetu hakuna aliyependa mwendo kama yeye. Gereji yake ilikuwa nyuma ya duka la spea la mzee mmoja Mwislamu aliyetoka Lamu akiwa kijana, akaoa na kuzeekea kwetu. Sote tulimwita Alhaji. Ndiye aliyelinunua lile gari dogo la milango miwili, lililokuwa limetelekezwa kule Masara na mchimba dhahabu mmoja, akamwambia kaka alifufue wakashindane nalo. Mimi nilikuwa nikiuza dukani kwa Alhaji, na jioni nikimshikia kaka spana. Hiyo ndiyo ilikuwa timu yetu, watu watatu.

Miaka hiyo ya tisini wenye magereji wa Kisii, Homa Bay na kwetu Migori walikuwa wakiomba ruhusa ya kutumia kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji wa Homa Bay. Magari yalipangwa mawili mawili, bendera ikishuka yanafyatuka, na linalotangulia kufika mwisho wa njia ya ndege ndilo linalobaki mashindanoni. Hakukuwa na kona. Siri yote ilikuwa kuondoka vizuri, na kuondoka vizuri ni kazi ya mguu wa kushoto juu ya klachi. Kaka alikuwa na mguu huo. Mwaka uliotangulia alishindwa fainali kwa urefu wa boneti tu, na tangu hapo hakuwa na mazungumzo mengine.

Lakini mwaka huo alikuwa amekonda. Ovaroli yake ilimning'inia kama imeanikwa. Shangazi zetu walisema ni chira, adhabu ya mtu aliyevunja mwiko wa ukoo, na wakataka atafutiwe dawa za miti. Watu wa kanisani walikuja kumwombea. Neno alilopewa hospitalini alinitajia mara moja tu, tukiwa wawili gerejini, kisha akaniomba nimpe bisibisi. Mama hakuambiwa, ingawa nadhani alijua. Nilimsihi asiende Homa Bay. Akaniambia kwamba kulala kitandani anaweza kulala wakati wowote.

Jumamosi, siku ya kwanza ya mashindano, mambo yaliharibika mapema. Katika mbio za kwanza gari lilichemka kabla ya katikati ya njia, likatoa moshi mweupe, na tukalisukuma pembeni watu wakitupigia mbinja. Gasketi ya injini ilikuwa imeungua. Alhaji aliondoka mara moja kwenda Kendu Bay kwa mfanyabiashara mwenzake, akarudi na nyingine mchana huohuo. Kaka hakuweza kuinama kwa muda mrefu, kwa hiyo aliketi juu ya tairi akinielekeza, nami nikafungua na kufunga. Kila nati aliitaka aiguse mwenyewe baada yangu. Alipoiwasha, injini ilinguruma sawasawa, akaitegea sikio huku amefumba macho. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo kwa miezi.

Walioharibikiwa walipewa nafasi moja zaidi Jumapili. Kaka alipangiwa kushindana na bwana mmoja mrefu kutoka Kisii, yuleyule aliyemshinda kwenye fainali. Nilimfunga mkanda wa kiti. Niliuvuta mpaka ukafika mwisho, na bado ulilegea tumboni mwake. Akaona nimeona. Akaniambia nifunge mlango.

Bendera ilishuka. Gari la Kisii likaondoka na vumbi lake. Letu liliruka kidogo, likajikwaa, likazima. Kulikuwa na kicheko upande wa watazamaji, na mtu akatupigia kelele tukatafute ng'ombe wa kulivuta. Nilidhani ni gasketi tena. Nilipofika dirishani nikaona goti la kaka likitetemeka peke yake, naye amelishika kwa mikono miwili kulituliza.

Yule bwana wa Kisii alirudi. Aliteremka, akazungumza na mwenye bendera, akaomba waanze upya. Hakulazimika kufanya hivyo. Wakarudishwa mstarini, na gari letu likazima vilevile. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kaka aliniita kwa ishara ya kichwa. "Nyaminwa," akasema, akiniita dada yake kwa Kijaluo kama tukiwa nyumbani, "gari liko sawa. Ni mguu umekataa."

Alhaji alikwenda kuomba niendeshe mimi, kwa kuwa kaka ndiye aliyenifundisha kwenye barabara ya Masara. Wakamjibu kwa upole kwamba dereva habadilishwi. Alirudi akipangusa miwani yake.

Mashindano yalipokwisha na watu kuanza kutawanyika, kaka aliniambia nikae kwenye usukani, yeye akazunguka upande wa abiria akijishika kwenye boneti. Akasema mimi nikanyage klachi, gia nimwachie yeye. Tukasimama mstarini bila bendera. Nikaachia, na gari likaondoka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia chini yangu. Nilipokanyaga mara ya kwanza akapachika gia ya pili sawa kabisa. Nilipokanyaga tena, hakuna kilichotokea. Injini ikalia juu, nikamtazama. Alikuwa ameuondoa mkono kwenye gia na kugeuzia uso dirishani, mabega yakimtikisika. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Tuliteleza taratibu mpaka gari likasimama lenyewe, na tukakaa hapo.

Tulirudi kwa njia ya Rongo, gari limefungwa nyuma ya lori, sisi watatu tumebanana mbele na dereva. Kaka alilala begani kwa Alhaji, na yule mzee hakusogea mpaka tulipoipita Awendo, ingawa nilijua mgongo ulikuwa ukimuuma.

Mama alitupokea mlangoni na kuuliza tumefanyaje.

"Tumeshindwa, mama," kaka akamjibu. "Lakini gari lilikuwa zuri sana."

Mama akamwambia aingie ndani kuna upepo, akaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Kaka hakurudi tena gerejini. Alifariki mvua za masika zilipoanza, na tukamzika nyuma ya nyumba ya mama, ardhi ikiwa laini mno hata wachimbaji walilazimika kuzuia kingo za kaburi kwa mbao. Alhaji alisimama nasi kwenye matope mpaka mwisho. Miezi kadhaa baadaye alimpa gari mwalimu mmoja wa Uriri aliyelihitaji kwa safari za shule. Niliwahi kuliona sokoni, limejaa magunia ya mahindi, likienda polepole.