Mto ulichukua kitambaa cha Feza, damu ikakatika nyumba nzima

Wakuu, salamu zenu. Haya yamenipata mwilini mwangu, siongezi chumvi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, maisha ya kuhamahama. Ila nikinusa ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, popote, moyo unarudi Uvira, kwetu Kongo. Safari hii nikarudi kweli, nikafikia mtaa wa Mulongwe kwa mdogo wangu Feza.

Mto wa nyuma ya nyumba ukafurika. Tukakimbilia kanisa moja mtaa wa Kasenga, tukakaa na njaa na hofu.

Tuliporudi, kitambaa cha Feza cha siku zake kilikuwa kimeenda na maji. Kwetu kile hukaushwa ndani, chini ya kitenge kingine. Mtu mbaya akikipata, anakufunga uzazi.

Mwezi ukapita, Feza hakuona siku. Wa pili pia. Akapima mimba, hakuna.

Ndipo jirani akasema alimwona Mama Riziki, mjane wa pembeni yetu, akiokota nguo kwenye tope. Wanaume wa mtaa wakaja uani kwetu, wakasema: kabla ya Jumapili Mama Riziki ahame, au wamtoe wenyewe.

Mimi nikahesabu siku. Sikuwa nimeona siku zangu tangu maji. Binti wa Feza naye hivyo hivyo. Wanawake watatu, damu imekatika. Mto ukinguruma nyuma ya ukuta, nilihisi unatusikiliza.

Nikamvuta Feza kituo cha afya.

"Weye, unakula? Unalala?" muuguzi akamuuliza.

"Kulala wapi, mama? Nikifunga macho naona maji."

Muuguzi akatueleza: ubongo hutuma homoni za kuamsha ovari zikomaze yai. Njaa na hofu zikizidi, ubongo unakata amri. Yai halikomai, damu haiji.

Wanaume waliporudi, nikasimama mlangoni.

"Mnasema Feza alifungwa kwa kitambaa. Na minye mbona siku zangu zimekatika? Minye natumia pedi, natupa mu choo! Nani aliingia mule kuichukua?"

"Yaya, weye hauna haya!" mwanamke mmoja akacheka, akiniita dada mkubwa.

Wanaume wakaangalia chini, wakaondoka mmoja mmoja. Mama Riziki yupo hadi leo.

Feza alipoanza kula na kulala, siku zake zikarudi. Za binti pia.

Zangu bado. Muuguzi anasema huenda ni umri: ubongo unaita, unazidi kuita, ovari haziitiki.

Zamani ningeshafunga mzigo. Sasa nakaa, nausikiliza mto.

Nilichojifunza: mpelekeni dada kituoni kabla ya kumtaja jirani. Nani humu siku zake zilikatika baada ya hofu? Semeni, nisibaki na huu mto peke yangu.