Mwelu amvizia chui kiwandani kuokoa jina la mumewe

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Mwelu Kimeu amelala kifudifudi juu ya sakafu ya saruji, viwiko vimekufa ganzi, jicho moja kwenye kamera. Mbele yake ni magofu ya kiwanda cha mkonge huko Ndithini, wilayani Machakos. Mabati yalishang'olewa, mashine ziliuzwa chuma chakavu, na mti umeota katikati ya ofisi ya karani.

Hajanywa chai. Hajanyoosha mguu tangu saa kumi na moja.

"Usikohoe," Mwelu anamnong'oneza mwandishi wa taarifa hii. "Ukikohoa, umenifungia bwana."

Si mzaha. Mumewe, Kimeu, huchunga mbuzi wa Abukar, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kangundo ambaye hunenepesha wanyama wake kwenye shamba hili lililoachwa kabla ya kuwauza. Tangu Julai mwaka huu wa 2001, mbuzi tisa wametoweka. Kimeu anasema wameliwa na chui. Abukar anasema wameuzwa na Kimeu.

Maafisa wa wanyamapori nao wanasema chui hajaonekana hapa miaka mingi, na nyayo za kwenye vumbi huenda ni za mbwa. Kimeu amefukuzwa shambani. Chifu ametoa muda hadi mwisho wa Septemba, kisha shauri liende polisi.

"Miaka kumi na moja amechunga mbuzi ya watu," anasema Mwelu. "Hajawahi chukua hata kamba. Leo anaitwa mwizi katikati ya soko na watu wanacheka! Mimi kazi yangu ni picha. Basi nitapiga."

Mwelu, mwenye umri wa miaka 36, ndiye mpiga picha pekee wa soko la Ndithini. Hupiga picha za kitambulisho, za ubatizo na za harusi kwa kamera ya mtumba aliyoinunua mwaka 1992. Picha moja ni shilingi 30. Filamu ya picha 36, pamoja na kuisafisha Nairobi, humla karibu shilingi 800.

Kwa hiyo haipeleki filamu kabla haijaisha. Aliyepigwa picha ya kwanza atamngoja wa thelathini na sita, iwe wiki, iwe mwezi, na manung'uniko yake ni yake. Zikibaki mbili tatu, Mwelu humalizia hapa kiwandani: popo ndani ya tanuri, kanu, mnyama wa madoa anayefanana na paka, amelala kwenye rafu ya mafaili, pimbi wakiota jua juu ya mizani. Kwa miaka mingi majirani wamemwona kama mtu aliyerukwa na akili.

"Ati mama mzima anafuata panya na kamera!" anasema, akijizuia kucheka.

Leo zimebaki tatu. Thelathini na tatu za kwanza ni za harusi ya Wanza, binti wa muuza mboga, iliyofanyika Agosti 25. Wanza amechoka.

"Nitazaa kabla sijaona keki yangu!" alimfokea Mwelu juzi mlangoni. "Kwani hiyo chui yako ndiyo ilikuwa msimamizi wangu?"

Mwelu alimwomba radhi na kumtengea kiti. Hakumwahidi siku.

Saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumekucha kabisa, kitu kinasogea nyuma ya tanuri. Chui anatoka kinyumenyume, akimburuta mbuzi shingoni. Kamera inalia. Mnyama anainua kichwa na kututazama. Inalia tena, na tena, kisha ukuta unabaki mtupu.

Mwelu anamgeukia mwandishi, machozi yanamtoka.

"Ni yeye! Umemwona? Sema umemwona!"

Mwandishi amemwona.

Bahasha ya picha ilirudi kutoka Nairobi Alhamisi, Septemba 27. Picha ya mwisho ilikuwa ya ukuta mtupu. Iliyotangulia ilinasa mkia. Lakini ya thelathini na nne ilimwonyesha chui mzima kando ya tanuri, mbuzi mdomoni.

Abukar aliitazama, akatikisa kichwa.

"Mama, picha ni nzuri. Lakini kalenda ngapi ziko na chui? Hii umenunua huko Nairobi."

Mwelu alitoa negativu za filamu hiyo, akauinua ukanda mmoja kwenye mwanga wa dirisha na kupanga picha zake mezani kwa kufuata nambari. Wanza akimlisha mumewe keki. Wanza na mama mkwe. Kisha mgeni mwenye kofia na sahani ya pilau, mdomo umejaa.

"Huyu ni nani, mzee?"

"Ni mimi."

"Na anayekufuata?"

Aliyemfuata alikuwa chui, kwenye ukanda uleule, bila mkato.

"Wallahi," Abukar alisema, akaketi. "Nimemdhulumu mtu."

Jioni hiyo alikwenda kwa Kimeu kuomba msamaha. Kimeu, mtu mpole ambaye husema maneno machache, alimkaribisha chai lakini akaukataa msamaha wa chumbani.

"Uliniita mwizi sokoni. Rudia sokoni."

Jumamosi, mbele ya wauzaji na wanunuzi, Abukar alirudia. Alisema kwa sauti, mara mbili, kwamba Kimeu hakuiba. Mwelu anasema siku hiyo mumewe alikula chakula cha kushiba kwa mara ya kwanza tangu Julai. Jumatatu alirudi kazini, na sasa mbuzi hulala kwenye bohari ya zamani yenye mlango wa chuma.

Lakini picha hiyohiyo imeamsha wengine. Waliomcheka Kimeu sasa wanazungumzia kutia sumu kwenye mzoga ili kumuua chui. Mwelu amewaandikia maafisa, akaambatanisha nakala ya picha, akitaka chui ategwe na kuhamishwa akiwa hai. Hadi watakapokuja, kila asubuhi anazunguka kiwanda kizima akitafuta nyama iliyotegwa ili aifukie. Watu wamemwambia aache, mnyama ni adui.

"Bwana yangu alisimama peke yake, hakuna mtu alimwamini," anasema, akitundika kamera begani. "Shahidi yake ilikuwa huyu mmoja tu. Mwenye kutaka kumpa sumu aanze na mimi."