Hesabu za Baoni

Juzi kivuko cha Pangani kilituchelewesha, nami nilikuwa nimeshafura kwa hasira, nikamwona bibi mmoja akichimba vishimo vya mchezo wa bao mchangani. Mjukuu wake wa kike ameshika komwe za kuchezea, machozi yanamlengalenga: mwalimu amesema asipojua kugawanya hatapanda darasa.

“Komwe kumi na mbili, mashimo manne. Haya, mke mwenzangu, gawa!”

Binti akadondosha moja moja. “Tatu tatu, bibi!”

“Nikiongeza moja?”

“Tatu tatu, na moja imebaki mkononi!”

Bwana mmoja mwenye kanzu akacheka. “Bibi, kugawanya hufundishwa ubaoni.”

“Kwani hapa wapi? Mwalimu mwenyewe kamwambia mtoto, hesabu zitazame baoni.”

“Alisema ubaoni, bibi,” binti akasema. “Ule mweusi, wa ukutani.”

Bibi akashika kidevu. “Alaa! Nami nimezunguka Tongoni nzima kutafuta komwe!”

Tukacheka sote, bibi kutushinda, na hasira zangu zikaniisha.

Mwalimu, kama unasoma hapa, nakwambia waziwazi: mtoto anajua kugawanya. Mpandishe darasa, na ile herufi moja iliyodondoka njiani usimdai.