Nilivyomtoa Mama Edani

Harusi ya mdogo wangu ilifungwa Malindi wiki tano baada ya baba kufa, na mama hakuwepo. Alikuwa nyumbani Mambrui, edani. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipaki wanja, hajifukizi udi, havai nguo ya kupendeza. Baba mwenyewe alikwisha kutuusia, naye kitandani, kwamba tarehe isivunjwe kwa ajili yake, kwa sababu bwana harusi anafanya kazi Uarabuni na likizo yake haingoji mtu. Basi tukaoza na msiba wetu kifuani. Baada ya wiki moja mdogo wangu alitakiwa apande ndege na mumewe.

Siku moja kabla ya harusi alinivuta pembeni. "Dada, wewe si huunganisha picha za watu? Nitilie mama. Asimame na mimi tu, niwe na cha kutazama huko."

Kazi yangu ni video za harusi. Huku kwetu upande wa wanawake hupigwa na mwanamke, huhaririwa na mwanamke, na simu huachwa mlangoni, kwa hiyo sikosi wateja. Nina kiburi na kazi hii, niseme ukweli. Nikiona video ya mwenzangu ambayo mtu amekatwa ovyo, ukingo wa nywele unamemeteka, hukasirika kana kwamba nimetukanwa mimi. Nikamwambia mdogo wangu nitaweza. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Harusi ilipokwisha nilikwenda Mambrui na kamera. Nikatundika shuka la kijani chumbani kwa mama, maana programu ukiiamuru iondoe kijani, hukiondoa chote na kumwacha mtu peke yake hewani. Mama alivaa gauni lake la eda, jeupe, lililochakaa. Nikaweka mto juu ya stuli, kimo cha kichwa cha bibi harusi aliyeketi, nikamwambia auwekee mkono amwombee dua mwanawe.

"Niuombee mto?"

"Uombee kama ndiye yeye, mama."

Akacheka kidogo. Kisha akaweka mkono, akaomba, na alipofika katikati sauti ikamkatika. Sikuzima kamera.

Zile sekunde arobaini nilikaa nazo siku tatu. Mto ulikuwa mweupe na mkono wa gauni mweupe, programu ikashindwa kuvitenganisha, ikabidi nichore mwenyewe. Mafundi huita maski: unachora mstari kumzunguka mtu, kilicho ndani kinabaki, kilicho nje kinapotea. Mtu akisogea, mstari nao unausogeza, picha kwa picha, na sekunde moja ni picha ishirini na tano. Nilivichora vidole vya mama kimoja kimoja vikitua juu ya nywele za mdogo wangu, mpaka macho yakaniwasha. Halafu nikaona mama amepauka, mtu wa chumbani, na wenzake wote wamemulikwa na taa za dhahabu za ukumbini. Nikampa mwanga uleule. Gauni la eda likageuka rangi ya asali. Hapo ndipo nilipokosea, na wakati ule nilidhani ndipo nilipopatia.

Mdogo wangu aliiona akalia, akaondoka nayo. Alipofika alikokwenda akamtumia rafiki yake kipande. Rafiki mmoja tu, na kwa Malindi mmoja anatosha.

Baada ya siku mbili shangazi yangu, dada yake baba, ambaye hakuja harusini kwa uchungu wa msiba, akanipigia simu. Shikamoo yangu haikujibiwa.

"Mamako alikuja harusini. Kakangu hata udongo haujakauka, mkewe yuwavaa hariri, yuwapanda jukwaani!"

"Hakuja, shangazi. Mimi ndiye niliyemtia."

"Umemtia vipi? Mtu hutiwa? Kwani mtu ni chumvi?"

Mama hata dirishani alikuwa hachungulii. Aliishika eda yake kwa uaminifu ambao mimi sina katika jambo lolote, na mimi, mwanawe wa kumzaa, nimemtoa mbele ya watu amepambwa. Jirani aliyekuwa akimletea uji kila asubuhi alikoma kuja. Waliokuwa harusini wakisema hawakumwona, waliambiwa wanamfichia. Jina la mama lilikuwa linaoza mdomoni mwa watu, na aliyeliozesha ni mimi.

Nikabeba kompyuta hadi kwa shangazi. Nilimkuta na wanawake watatu wa mtaani. Mkono alinipa, uso hakunipa. Nikafungua kazi yangu mbele yao, nikazima lile tabaka la picha lenye mama. Mama akatoweka. Nikaliwasha, akarudi. Nikalizima tena, nikidhani nimemaliza maneno.

"Mwaona?" shangazi akawaambia wenzake. "Yuwaweza kumtoa mtu asibaki hata ukucha. Basi hii isiyo na mamake ndiyo ya uwongo."

Nikajaribu kueleza maski.

"Barakoa? Barakoa gani, na uso wake huu hapa nauona?"

Nikawaonyesha picha ya asili, shuka la kijani, stuli, mto. Mmoja wao akasema hiyo yaweza kuwa imepigwa baada ya harusi ili kufunika aibu. Na kweli ilipigwa baada ya harusi! Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, mbele ya majirani wa shangazi. Kila nilipoifanya kazi vizuri ndipo paliponifunga. Laiti ningekuwa fundi mbaya, mama angekuwa salama.

Nikaisogelea skrini kutafuta kosa. Mimi niliyezoea kuficha makosa, nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe ukingo unaomemeteka, kidole kilichokatika, chochote. Sikuona kitu. Nilichora vizuri, nilaaniwe. Nikarudia mara ya tatu, ya nne, na mara ya tano macho yakateremka hadi kwenye zulia.

"Shangazi, tazama chini. Miguuni."

Akavaa miwani. Bibi harusi alikuwa na kivuli. Mpambaji aliyekuwa akipita nyuma yake alikuwa na kivuli, hata kiti kilikuwa nacho. Mama hakuwa nacho. Nilisahau kukichora. Shangazi alitazama muda mrefu, kisha akaurudisha mwili nyuma.

"Astaghfirullah. Huyu kweli hakuja."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Shangazi hakuwa amemaliza. "Wamfanya mamako hana kivuli, naye yu hai? Uchuro huu! Wataka afe? Futa. Na huyo mdogo wako afute, na kila aliye nayo afute. Mimi nitawaambia watu."

Nilimpigia mdogo wangu njiani. Akakataa, akanipigia kelele, akalia, mwishowe akafuta, akawaambia na wenye kipande wafute. Video nzima ikabaki moja tu, ya kwangu.

Nilipofika Mambrui mama alikuwa ameshapata habari. Nikakaa sakafuni mbele yake nikamwomba radhi.

"Mimi sikutoka," akasema. "Mungu yuwajua sikutoka." Kisha akanyoosha shingo kuelekea kompyuta. "Hebu nione."

Nikamwekea. Hakuwa ameona chochote cha harusi ile. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia tena.

"Yeye aliiona?"

"Aliiona, mama."

"Akafanyaje?"

"Alilia."

Akaiangalia picha iliyosimama. "Haya. Nitoe."

Nikamwambia naweza kuificha hii moja, mtu asijue, siku mdogo wangu akirudi aikute. Nilimsihi. Nilikuwa namsihi kwa ajili yangu pia, sikutaka kumfuta.

"Nitoe, mwanangu. Nimebakisha miezi miwili na ushei. Nataka niimalize bila neno."

Nikafuta picha ya asili, nikafuta maski, siku zangu tatu zote, na mwisho nikamfuta mama. Nilikosea kubonyeza mara mbili. Mdogo wangu akabaki peke yake kwenye kiti, taa zikimmulika. Nilitaka kufunga kompyuta mama akanizuia. Aliendelea kutazama mpaka video ikaisha.

"Ukumbi wao mzuri," akasema. "Watu walikula wakashiba?"