Saa ya Moshi Kunyanyuka Mpemba

Mama yangu anauza chai na mandazi kwa madereva wa malori pale Mpemba, njia ya kwenda mpaka wa Zambia, na mimi nimesomea hewa. Ndiyo, hewa! Ndugu zangu wa Igamba walipoambiwa walicheka mpaka wakashika mbavu, na mjomba akaniuliza kama mtihani wenyewe ni wa kuvuta au wa kutoa. Mimi sikawii kukasirika, lakini siku ile nilicheka nao, maana swali lilikuwa zuri.

Ninachosomea hasa ni msukosuko wa hewa ya chini, hii tunayoishi ndani yake. Usiku ardhi inapoa, hewa baridi inalala chini, imetulia tuli, na chochote utakachopuliza humo kinabaki humo humo. Asubuhi jua likishapasha ardhi, hewa ya chini inapata joto na kuanza kupanda, ya juu inashuka, zinavurugana kama uji unaoanza kuchemka. Kazi yangu ni kuandika hesabu kwenye kompyuta zinazoiga vurugu hiyo na kusema itaanza saa ngapi. Tunaiita modeli. Nikiieleza huwa narusha mikono, nimeshamwaga chai za watu.

Sasa, kipupwe kile mama alikuwa anaumwa kifua. Malori yanalala barabarani kwenye foleni ya kuvuka mpaka, asubuhi yanawashwa, na moshi unakaa pale pale, usawa wa pua. Daktari alimwambia bila kumficha: moshi wa asubuhi uache, la sivyo kifua hiki kitakulaza kitandani. Mama akajibu, "Madereva wanakunywa chai asubuhi, daktari," akaendelea kutoka alfajiri. Nilipopata habari nilipanda basi kutoka Dar nikaja nyumbani nimefura. Nikamwambia nitamtafutia saa. Moshi ukianza kunyanyuka, atoke. Kabla ya hapo, akae ndani. Alikubali kwa shingo upande.

Modeli ikasema saa tatu. Lakini modeli haiaminiki mpaka uipime. Nikafunga kifaa cha kupima upepo na moshi juu ya nguzo ndefu pale uani, nikakiunganisha na simu ya zamani ya mama iwe inarekodi vipimo pamoja na saa. Baada ya siku chache nikavisoma. Moshi unaondoka saa mbili! Kila siku, saa mbili! Niliona aibu, nikaitukana kompyuta. Kisha nikaanza kuchezea namba za modeli, huku napunguza baridi, kule naongeza jua, mpaka nayo ikakubali saa mbili kwa kulazimishwa, maskini. Nikamwambia mama, "Kesho toka saa mbili, hewa itakuwa safi."

Akatoka saa mbili kamili. Punde si punde akarudi, chupa zake za chai zimejaa vile vile, macho mekundu, anakohoa huku ameshika ukuta.

"Hewa safi ndiyo hii? We mtoto, unataka kuniua?"

Moyo ulinishuka. Nikamkalisha, nikampa maji. Halafu, kwa kuwa mimi ni mbishi, nikapanda ngazi kuishusha ile simu nimwonyeshe kwamba vipimo havidanganyi. Nikaitazama. Ilisema saa moja na robo. Ndani, redio ilikuwa imeshamaliza taarifa ya habari ya saa mbili.

Loo! Simu ilikuwa na laini ya Zambia, ile mama aliyokuwa akipokelea oda za madereva wa ng'ambo, kwa hiyo ilifuata saa ya Zambia, na saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja! Na mimi nimezaliwa hapa hapa. Nimekua nikisikia watu wakipatana, "Saa nne ya kwetu au ya kwao?" Dar imenifuta akili yote. Kifaa kilikuwa sahihi, modeli ilikuwa sahihi, moshi ulikuwa unaondoka saa tatu siku zote, na mimi nimeitesa modeli isiyo na kosa. Nilipiga vigelegele juu ya ngazi mpaka majirani wakachungulia.

"Unashangilia nini? Mimi nimekunywa moshi!"

Nikashuka, nikamweleza. Alinikodolea macho kidogo, kisha akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi, nami nikaogopa tena, nikawa namsugua mgongo. "Jamani," akasema akipangusa macho, "nimesomesha mtoto Dar, kumbe anaishi ng'ambo, Nakonde."

Kesho yake nilirudisha namba zangu za mwanzo, na mama akasimama mlangoni na chupa zake, hatulii.

"Wateja wanakwenda kwa jirani!"

"Bado, mama."

"Saa tatu kasoro hii!"

"Bado kidogo tu."

Moshi ulikuwa umelala juu ya foleni, mzito, hauendi popote. Niliutazama, nikatazama saa. Ningekosea tena, asingenisikiliza maisha, angerudi kwenye alfajiri zake. Ndipo pazia la mlangoni likatikisika. Kipande cha gazeti kikanyanyuka barabarani, kikazunguka, kikaanguka, kikanyanyuka tena. Nikaanza kurukaruka kama mwendawazimu. Moshi ukachanika, ukapanda juu ya malori, tukaanza kuona rangi zake moja moja.

"Nenda! Nenda sasa!" Nilimsukuma nusura nimwangushe.

"Bamayo, chai!" akaita dereva wa kwanza, wale wa Zambia humwita mama hivyo kwa heshima. Mimi nilikuwa nasikiliza kifua cha mama. Akamimina, akataniana na mtu, akasogea lori la pili, la tatu, mpaka akapotelea nyuma ya matrela. Hakukohoa. Nilisimama pale kando ya barabara nikicheka na kulia kwa pamoja, na sikujali nani ananiona.

Alirudi chupa tupu. Akaketi, akavua viatu, akajinyoosha. Mama huyu hajawahi hata siku moja kuniuliza chochote kuhusu masomo yangu.

"Haya," akasema, "kesho nitoke saa ngapi?"