Mnara Wenye Mlango Mmoja

Harufu ya chokaa iliyolowa hunikosesha raha mpaka leo. Juzi mafundi walikuwa wakibandua ukuta wa ngazi katika jengo letu hapa Vällingby, nami nikajikuta nimesimama pale nikiwa mtoto wa miaka tisa tena.

Darasa letu lilikwenda kutazama magofu ya ngome ya kale, juu ya kilima nje ya mji. Mama alijitolea kutusindikiza. Ulikuwa mwaka wetu wa tatu tangu tutoke Kivu. Kiswidi kilinikaa mimi haraka, yeye kilimkataa. Nami, sitawaficha, nilitembea hatua kumi mbele ya kitenge chake.

Kuta za nje zilikuwa zimebomoka, kunguru wakirandaranda juu yake kama wenye nyumba. Mnara tu ndio uliosimama. Mwalimu alieleza kwamba unene wa ukuta wake ulitosha mtu mzima kulala, kwamba madirisha yalikuwa nyufa za kupitishia mishale, na kwamba mlango ulikuwa mmoja ili adui asipate pa kupenyea. Mama hakuelewa neno, lakini aliuzunguka mnara mara mbili. Nyumbani alituzoesha kwamba ukiingia kwa watu, tazama kwanza pa kutokea. Nilidhani ni adabu za wageni wasiokaa sana.

Akaniinamia. "Ambia mwalimu mulango ubakie wazi."

Wenzangu walikuwa wakitutazama. Nikamwambia mwalimu, kwa Kiswidi, kwamba mama anasikia baridi.

Mwalimu alikuwa mtu wa huruma. Tulipokwisha kuingia, akaufunga mlango kuzuia upepo.

Watoto walicheka gizani, wakaiga sauti za mizimu. Mama alinivuta konani, akanilaza kwenye sakafu iliyonuka chokaa iliyolowa na kunifunika kwa mwili wake, kiganja chake kimeniziba mdomo. Moyo wake ulinigonga mgongoni. Mlango ulipofunguliwa, hakuniachia upesi.

Nilikuwa mtu mzima aliponisimulia, huku akimenya viazi, habari za ghala la parokia walimokimbilia majirani zake. Lilikuwa na kuta nene na mlango mmoja. Waliokuja hawakuhangaika kuuvunja. Waliufunga kwa nje, wakawasha moto. Yeye alikuwa migombani, ng'ambo ya njia, akiniziba mdomo nisilie.

Kisha akauliza, "Ule mwalimu, ulimwambia akakataa?"

Nikajibu kwamba labda hakunisikia vizuri.

Mama akachukua kiazi kingine, akasema alikwisha kumsamehe.