Karai la Phelesia na Mtungi wa Haidrojeni

Phelesia ameosha mchanga wa dhahabu hapa Macalder tangu akiwa na miaka kumi na minne, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwita mwizi. Mwaka jana aliitwa hivyo mbele ya watu, tena na kijana mwenye digrii. Ndiyo maana ninaandika.

Mradi fulani ulileta mtungi wa chuma kwenye zahanati yetu. Sola za paani zilipasua maji kwa umeme, na haidrojeni iliyopatikana ikasukumwa ndani ya mtungi. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu, amidi ya lithiamu iliyochanganywa na haidridi ya lithiamu. Unga huo hauibebi haidrojeni kama gunia linavyobeba mahindi. Huishika kwa kugeuka wenyewe. Ukipashwa moto, huiachilia, ikaenda kuendesha mashine ya umeme, na taa ya chumba cha kujifungulia ikawaka. Kesho yake husukumiwa nyingine, unga ukarudi ulivyokuwa. Haya niliyasoma katika kitabu cha kemia kisicho na jalada, nilichookota siku shule ilipotupa vitabu vyake kando ya barabara. Siku hizi vitabu hutupwa.

Phelesia aliajiriwa kuuwasha mtungi, kuuzima na kuupima uzito. Akaweka mizani nje ya mlango, kwenye jua, kama tulivyofanya machimboni wakati mnunuzi na muuzaji waliposoma mshale mmoja pamoja. Kila alichosoma alikiandika kwenye daftari.

Mwezi wa tatu injinia wa mradi, Nyamweya, alikuja akalisoma daftari hilo. Kila baada ya kujazwa upya, mtungi ulikuwa mwepesi kidogo kuliko mara iliyotangulia. Taa nayo ilikuwa imefifia.

"Unga umepungua," alisema. "Mtungi una kufuli, na ufunguo unao wewe, Mama. Nimesikia watu wa hapa huficha vumbi la dhahabu kwenye kucha."

"Nani amekwambia?"

"Vua kitambaa, ukikung'ute. Halafu nawa hapa."

Wagonjwa walikuwa kwenye benchi. Mama mwenye wajukuu wanane akakung'uta kitambaa chake, akabaki na mvi zake wazi. Akainamia karai lake mwenyewe la kuoshea dhahabu, lenye maji, na kunawa hadi kwenye viwiko. Maji yalibaki maji.

"Injinia," alisema, mikono ikichuruzika, "unga wako ukikutana na maji hufanya nini?"

Nyamweya alitazama karai. "Unachemka. Unaweza hata kuwaka."

"Nawe ukaniambia ninawe?"

"Muulize tena, Min Bonface!" akapaza sauti mwanamke mmoja kwenye benchi, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama tunavyoitana sisi.

Phelesia hakucheka. Alitoa bangili ya shaba aliyoachiwa na mama yake. Kila asubuhi aliivua akaitundika karibu na bomba la kutolea gesi, isije ikamuunguza mkononi. Ilikuwa imegeuka samawati.

"Nilikupigia simu mara tatu, nikakwambia mtungi unanuka kama mkojo wa mbuzi. Ukasema ni pua ya uzee. Na hii bangili nayo imezeeka?"

Mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye mgodi wa zamani wa shaba hapa Macalder angemjibu. Harufu ile ilikuwa amonia, na amonia hula shaba. Nyamweya mwenyewe ndiye aliyeagiza moto uongezwe ili gesi itoke haraka. Moto ulipozidi, sehemu ya unga ilitoka kama amonia pamoja na nitrojeni yake, na nitrojeni iliyotoka hairudi kwa kujaza haidrojeni. Unga uliibwa na haraka yake. Nyamweya akaichukua bangili ikapimwe, akaondoka bila kuaga.

Zamani machimboni, aliyeshukiwa alinawa mbele ya watu. Akionekana safi, aliyemshuku alinawa katika karai lilelile, mbele ya macho yaleyale, na neno likaishia hapo. Hawa wa leo nusu ya kwanza ya desturi wameihifadhi vizuri sana. Nusu ya pili wameitupa pamoja na vitabu.

Baada ya wiki mbili Nyamweya alirudi, bangili ikiwa kwenye bahasha.

"Ilikuwa amonia, Mama. Tumeshaandika kwa ripoti. Kesi imeisha."

"Ripoti inasomwa wapi?"

"Nairobi."

"Mimi niliitwa mwizi hapa."

Muuguzi wetu, Emmaculate, alitoka na sindano mkononi akasimama mlangoni. Phelesia alijaza karai maji, akaliweka chini karibu na mizani. Akavua ufunguo wa mtungi shingoni, akautumbukiza.

"Kazi yenu sitaki tena mpaka jina langu lirudi," alisema. "Ufunguo wako huo."

Injinia alitazama gari lake. Akatazama benchi, hakuna aliyetazama pembeni. Hatimaye akakunja mkono wa shati, akachuchumaa, akatumbukiza mkono kuutafuta ufunguo.

"Mikono yote miwili," alisema Phelesia, akamnyooshea kipande cha sabuni.